Umezima stima, lakini imezimika? Testa, kalamu, ncha mbili, mita na taa ya kupimia

Kijana anayejifunza kazi kwangu alisimama mbele ya kabati la vioo katika duka la vifaa vya stima, pesa ya kifaa kimoja mkononi, akaniuliza: “Ami, nichukue ipi?” Kabatini mlikuwa na bisibisi za testa za rangi zote, kalamu zinazopiga mlio, testa moja ya ncha mbili iliyojaa vumbi, na mita za mkononi za kupimia stima kama sita hivi. Nikamjibu kwa swali: “Unataka ikwambie stima iko, au ikwambie haiko?”

Akacheka, akadhani namtania. Lakini hayo ni mambo mawili. Kukwambia stima iko ni kazi nyepesi, hata kidole chako kinaweza, ila kidole hukwambia umeshachelewa. Kazi ngumu ni kusema haiko. Kila kifaa husema “haiko” kwa kunyamaza, na kifaa kilichoharibika, kilichoisha betri au kilichoshikwa vibaya nacho hunyamaza vilevile. Ndiyo maana ninapolinganisha vifaa hivi sishughulishwi sana na ukali wa taa wala mlio. Nalinganisha ukimya.

Nazungumzia nyumba na maduka ya kawaida ya Mombasa: volti 240 baina ya laivu (waya unaoleta stima) na nyutro (waya wa kuirudisha), na 415 baina ya fezi na fezi, yaani laivu mbili tofauti, pale palipoingizwa fezi tatu. Nyaya za nguzoni na mita yenye muhuri ya Kenya Power si zetu kuzigusa. Kazi ya kufunga nyaya nayo, kwa sheria, ni ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Kama wewe ni mwenye nyumba na hutaki kushika waya wowote, soma tu ujue fundi wako anatakiwa afanye nini kabla hajaingiza mkono.

Kwanza, kuzima ni nini

Mtu akiniambia “nimezima” huwa namuuliza amezima nini.

Kuna aliyezima swichi ya ukutani. Swichi hiyo hukata waya mmoja tu, tena kwa upande wa taa. Nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza, ambapo laivu ya kudumu hupitia kwanza kwenye kikombe cha dari ndipo ishuke kwa swichi. Ukifungua kikombe hicho swichi ikiwa imezimwa, laivu bado imo. Na nimekutana na swichi nyingi zilizofungwa kinyume, zikakata nyutro badala ya laivu. Taa inazimika vizuri kabisa, na holda ina volti 240 inakungoja.

Kuna ambaye tokeni zimemwishia, akaona ndio wasaa wa kubadilisha soketi. Tokeni ni tarakimu 20 tu. Mtoto yuko Nairobi ananunua kwa M-Pesa, anamtumia mamake ujumbe, mama anazibonyeza sebuleni huku akishukuru Mungu, nawe uko chumbani juu ya ngazi huna habari.

Na kuna anayefanya kazi kwa sababu stima imepotea mtaa mzima. Usiku wa 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipokaa gizani, jirani yangu mmoja alinipigia simu kuuliza waya mwekundu unaingia wapi, tochi mdomoni. Nilimwambia afunge soketi aende akalale. Stima hairudi kwa hodi.

Kuzima ni kushusha breka ya njia unayoishughulikia, au swichi kuu, kisha kuhakikisha hakuna atakayeipandisha: kufuli ndogo ya breka kama unayo, fyuzi mfukoni kama ni bodi ya zamani, na karatasi yenye maandishi kwa vyovyote. Uliza pia kama kuna jenereta, inveta au sola. Nyumba za Nyali na hoteli za kuelekea Bamburi huwa na vyote vitatu, na swichi kuu ya Kenya Power ikishuka, inveta hudhani ndipo inapohitajika ikaanza kazi.

Baada ya hapo ndipo kifaa kinatoka mfukoni, na hatua ni tatu: gusa mahali penye stima unayoijua uone kifaa kinafanya kazi, pima unapotaka kushika, kisha rudi pale pale penye stima upime kifaa mara ya pili. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayokwambia kama kifaa kilikufa njiani. Ukiwa umeshusha swichi kuu, penye stima patakuwa upande wa kuingilia wa swichi hiyo, ama utumie kisanduku kidogo cha betri kilichotengenezwa kwa kazi hii ya kuthibitishia testa.

Vipimo vyenyewe pia si kimoja. Njia ya kawaida ina vitatu: laivu na nyutro, laivu na athi (waya wa kwenda ardhini), nyutro na athi. Fezi tatu zenye nyutro na athi zina kumi. Hesabu mwenyewe kwa vidole.

Nitakavyovilinganisha

Kila kifaa nakiuliza maswali matano. Kikinyamaza, nikiamini kiasi gani? Kinaona nini na hakioni nini? Joto na chumvi ya Pwani vinakifanya nini? Chenyewe kinaweza kunidhuru? Na kinamfaa nani? Bei nitaigusia kwa kupita, kwa kuwa inabadilika duka kwa duka.

Bisibisi ya testa

*Ukimya wake.* Ndani mna kitaa cha neoni na rezista, kizuizi cha kupunguza mkondo, ya kama megaohmu moja. Stima huingia nchani, ikapita kwenye rezista na neoni, ikatoka kwenye kofia unayoigusa kwa kidole, ikashuka mwilini mpaka sakafuni. Ni mkondo mdogo mno, kama sehemu ya tano ya miliampea, huuhisi. Lakini angalia hapo: wewe ndiwe waya wa kurudia. Ukiwa umesimama juu ya kiti cha plastiki na champali miguuni, njia ya kurudia ni dhaifu, na kitaa huwaka kwa unyonge au kisionekane kuwaka. Saa saba mchana juu ya paa, hata kikiwaka vizuri, jua la Mombasa linakimeza. Ukimya wa bisibisi hii ni wa mashaka, na mashaka yenyewe yanategemea viatu vyako.

*Inachoona.* Hapa haijapata sifa inayostahili. Inatambua waya upi ni laivu, inafichua swichi iliyokata nyutro, na ukiigusisha kwenye nyutro ikawaka, imekupa habari kubwa kwamba nyutro imekatika mahali au inaletewa stima na njia nyingine. Isichoweza ni kupima baina ya waya na waya. Haikwambii kama athi ni nzima. Wakati mwingine huwaka kwa stima ya kuambukizwa tu, waya uliokatwa ukilala sambamba na waya ulio hai.

*Joto na chumvi.* Adui yake ni hapa petu. Nilifungua moja iliyokaa kwenye mkoba wa kazi msimu mzima wa mvua za kusi: springi ilikuwa imeota kutu ya kijani, na ndani ya plastiki mlikuwa na ukungu wa maji. Ikifika hapo, tupa.

*Hatari yake.* Rezista ndiyo peke yake inayosimama kati yako na volti 240. Maji yakiizunguka, au ikiwa ya ovyo tangu kiwandani, mkondo hauna tena wa kuupunguza. Na tafadhali usikazie skrubu nayo kwa nguvu wala usiigonge nyundo. Bisibisi ya kazi ni nyingine.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua haraka waya upi ni upi, kama nyongeza ya kifaa kingine. Bei yake ndogo ndiyo iliyoifanya iwe mfukoni mwa kila fundi kutoka Likoni hadi Mtwapa, na sitamcheka anayeanza nayo.

Kalamu isiyogusa waya

*Ukimya wake.* Kalamu husikia uga wa stima ya AC, ile ya ukutani, kupitia ganda la waya, bila kugusa shaba. Nayo pia inautegemea mwili wako kwa kimya kimya: usipoishika vizuri, au ukiwa umetengwa kabisa na ardhi, usikivu unashuka. Waya ukiwa ndani ya paipu ya chuma, au ni kebo yenye koti la chuma, haisikii kitu. Ukiwa umezama ndani ya ukuta, hali kadhalika. Na zile kuta za matumbawe za Mji wa Kale unazijua unene wake. Betri ikiwa dhaifu, nyingine hunyamaza bila kuaga.

*Inachoona.* AC, nyingi kuanzia kama volti 50 hadi 1,000 kama zilivyoandikwa. Haioni DC, stima ya betri na sola, basi usiipeleke kwenye waya za paneli za sola, maana jua likiwapo paneli zinazalisha hata ukizima kila kitu chini. Tatizo lake la upande wa pili ni kusikia kupita kiasi: ndani ya bodi yenye nyaya ishirini inapiga kelele kwa kila waya, nawe hujui ni upi unaozungumza.

*Joto na chumvi.* Haina ncha ya chuma ya kuota kutu, na hilo ni raha. Ila angalia chemba ya betri.

*Hatari yake.* Ndogo kuliko zote, kwa sababu hugusi shaba. Hatari yake ni kujiamini.

*Inamfaa nani.* Fundi anayetafuta njia ipi imezimwa kabla hajafungua kifuniko. Mama mwenye nyumba anayetaka kujua kama ganda la friji linarusha, ila kalamu ikilia asiliguse tena ganda hilo, aite fundi. Kwa kusema “iko”, hakuna cha haraka kama hiki. Kwa kusema “haiko”, peke yake haitoshi.

Testa ya ncha mbili

Ile iliyokuwa na vumbi kabatini. Huku kwetu haijazoeleka, na naamini ni kwa sababu inagharimu zaidi ya bisibisi mara nyingi na haifanyi mambo mengi kama mita, kwa hivyo mnunuzi huona hasara pande zote mbili.

*Ukimya wake.* Ina vishikio viwili vilivyoungwa kwa waya, na taa za ngazi: 12, 24, 50, 120, 230, 400, 690. Inapima baina ya nukta mbili, basi mwili wako haumo kwenye hesabu. Nyingi huonyesha stima ya hatari hata betri ikiwa imekwisha, kwa kuwa hujiwasha kwa stima ile ile zinayoipima. Tena huvuta mkondo kidogo, na mvuto huo huangusha zile volti za mzuka zinazokaa kwenye waya uliokatwa. Ikinyamaza, umekaribia sana ukweli, madhali umepima jozi zote.

Narudia, jozi zote. Niliitwa nyumba moja Mji wa Kale, ghorofa ya chini, jengo lililogawanywa kwa familia nne na kila moja mita yake. Nikashusha swichi kuu, breka zote chini. Laivu na nyutro: giza. Laivu na athi: giza. Nilikuwa nimeshatoa bisibisi. Nikakumbuka nyutro na athi, na taa zikapanda mpaka 230.

Bi mkubwa mwenye nyumba alikuwa mlangoni na buibui lake, ananitazama. “Mwanangu, si umezima?”

“Nimezima, mama. Lakini kuna mtu hajazima.”

Nikatoka ukumbini nikaona taa ya ngazi, balbu ya zamani ya waya, imezimika, nayo ilikuwa ikiwaka nilipoingia. Nikamwomba mjukuu wa bi mkubwa apande juu akazime swichi ya taa hiyo, nami nikarudi na testa pale pale. Swichi ilipolia tik, taa za testa yangu zikazimika. Miaka mingi nyuma mtu alifunga taa ile laivu akaitoa kwa jirani wa juu na nyutro akaiazima chini. Swichi kuu ilipokuwa juu, nyutro yetu ilikuwa imeungwa na ya Kenya Power, kwa hivyo ilitulia. Nilipoishusha nikaikata nyutro pia, na stima ya jirani, ikishapita kwenye balbu, ikabaki kwenye nyutro yetu haina pa kwenda ila kwangu.

Niwe mwadilifu: bisibisi ya testa nayo ingewaka kwenye waya ule mweusi wa nyutro. Mita ingeonyesha pia. Tofauti ni kwamba mwenye bisibisi kwa kawaida hugusa mwekundu wa laivu peke yake akaridhika, na testa ya ncha mbili inakufundisha kufikiria kwa jozi.

*Inachoona.* AC na DC, na kwa DC hukuonyesha upande wa chanya. Haikupi namba kamili, inakupa ngazi. Kwa swali letu la iko au haiko, ngazi zinatosha.

*Joto na chumvi.* Nyingi ni ngumu na zimezibwa vizuri. Udhaifu uko kwenye waya unaounganisha vishikio, pale unapopinda kila siku.

*Hatari yake.* Ncha zikiwa ndefu na wazi, unaweza kuunganisha laivu na athi ndani ya soketi nyembamba. Mwongozo wa Uingereza uitwao GS38 unataka chuma kilicho wazi nchani kisizidi milimita 4, na heri kiwe 2 au chini ya hapo. Kwenye pakiti tafuta namba 61243-3, ndiyo kanuni ya testa za aina hii. Zile zenye kitufe cha kuongeza mzigo huweza kuangusha breka ya kinga ya miliampea 30 (ile inayokata stima ikivuja kwenda ardhini) ukipima laivu na athi. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

*Inamfaa nani.* Anayeingiza mkono kwenye bodi kila siku. Asiyefanya kazi hiyo ataiweka droo akaisahau.

Mita

*Ukimya wake.* Mita inaweza kuonyesha sifuri kwa sababu nyingi kuliko kifaa kingine chochote. Umeiacha kwenye DC, na stima ya ukutani ni AC. Waya wa kipimio umekatika ndani ya mpira wake. Imejizima yenyewe kuokoa betri. Umeingiza waya kwenye tundu lisilo lake. Hizi zote zinakupa sifuri, ama kioo kitupu unachokisoma kuwa sifuri. Kuna na kinyume chake: kioo kinaonyesha 230, mbele yake kumeandikwa mV, miliVolti, na wewe umepauka bure.

Halafu mzuka. Mita nyingi za kisasa zina ukinzani wa kama megaohmu 10, hazivuti mkondo, kwa hivyo waya uliokatwa pande zote lakini ukalala kwenye paipu moja na ulio hai huonyesha volti 40, 70, hata 90. Fundi mgeni hushinda siku nzima akitafuta hitilafu isiyokuwapo. Baya zaidi ni yule aliyekwishazoea kusema “huo ni mzuka tu”. Ipo siku hautakuwa mzuka.

*Inachoona.* Karibu kila kitu, na kwa namba. Kama stima inaingia 190 badala ya 240, hakuna mwingine kwenye orodha hii atakayekwambia. Kapasita ya kiyoyozi iliyobaki na chaji baada ya kuzima, mita ikiwekwa kwenye DC inaiona.

*Joto na chumvi.* Kitasa cha kuzungushia hupata uchafu ndani, namba zikaanza kurukaruka. Usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani kituoni Mwembe Tayari.

*Hatari yake.* Kubwa kuliko zote ukikosea. Waya mwekundu ukisahaulika kwenye tundu la ampea kisha ukagusa laivu na nyutro, umezipiga shoti kupitia mkononi mwako. Mita nzuri ina fyuzi imara ya kuzima moto huo, ya ovyo inapasuka. Soma daraja lake: CAT II ni ya vyombo vinavyochomekwa soketi, CAT III ni ya bodi na nyaya za jengo, CAT IV ni ya pale stima inapoingilia. Maandishi hayo yapo pia kwenye mita zisizoyastahili. Mita nyepesi kama kiberiti, iliyoandikwa CAT IV, mimi siipeleki bodini.

*Inamfaa nani.* Anayetafuta hitilafu, anayetengeneza viyoyozi, wa sola, na mwenye subira ya kutazama kitasa kila mara kabla ya kupima.

Na taa ya kupimia je?

Balbu, holda, waya mbili zilizochunwa ncha. Wazee wetu wa kazi wametumia maisha yao yote, na ina sifa moja ya kweli: inavuta mkondo halisi, haidanganywi na mzuka. Lakini balbu iliyokatika inanyamaza sawasawa na waya uliokufa. Ncha zake ni shaba tupu mikononi mwako. Ukiiweka baina ya fezi mbili, volti 415 inaweza kuipasua. Na ukiiweka laivu kwa athi, balbu ya wati 60 inapitisha robo ampea. Hiyo ni miliampea 250, na breka ya kinga huanguka kwa 30. Kama fimbo ya athi ardhini imeliwa na kutu, jambo la kawaida kwenye udongo wa chumvi karibu na bahari, stima hiyo haishuki chini. Inakaa kwenye maganda ya chuma ya vyombo vyote vilivyoungwa athi, na mtu jikoni anashika friji. Chumvi haiidhuru sana taa hii, lakini yenyewe huweza kuwadhuru watu wa nyumba. Anayeitaka ni fundi mzoefu ambaye tayari anajua athi ni nzima, na huyo kwa kawaida ana kifaa kingine. Balbu za LED za siku hizi zimeharibu hata ile sifa moja: huwaka kidogo kwa mzuka.

Kwa hali yako

Mwenye nyumba, hufungui kitu, unataka tu kujua kama ganda la chombo linarusha au kama fundi kweli amezima: kalamu, na ujifunze kuijaribu kwanza kwenye soketi iliyo hai.

Unajua kubadilisha holda au swichi, na uko peke yako: usitegemee kalamu wala bisibisi. Shusha swichi kuu badala ya breka moja, tafuta kifaa cha kupima jozi, iwe ncha mbili au mita ya CAT III, na upime zote tatu. Kama nyumba ni ya kupanga iliyogawanywa, nyaya zake hazina nasaba. Muite mwenye leseni.

Fundi wa majengo, bodi kila siku: ncha mbili kiunoni, kalamu mfukoni kwa kutafutia. Mita ibaki mkobani ikingoja hitilafu.

Fundi wa viyoyozi au sola: mita nzuri hutaikwepa kwa sababu ya DC na namba. Kama pesa ipo ya kifaa cha pili, kiwe cha ncha mbili. Kwenye paneli, sahau kalamu.

Nyaya za rangi mchanganyiko, nyekundu na nyeusi za zamani zimeungwa na za kahawia na buluu: rangi isikuongoze hata kidogo. Buluu ya zamani ilikuwa fezi, buluu ya sasa ni nyutro. Hapo ni jozi zote tena, na hata bisibisi ya testa kama nyongeza si mbaya.

Na pesa ikiwa ya bisibisi peke yake: nunua yenye plastiki angavu uone ndani, simama chini na si juu ya kiti, ijaribu kabla na baada, na uitumie kujua iko. Kwa kujua haiko, azima ya mwenzako.

Kijana wangu mwishowe alichukua kalamu. Pesa haikufika ncha mbili, na ya ncha mbili ninayo mimi, tunafanya kazi pamoja. Muuza duka alituuliza kama tunataka na ile ya vumbi, atatupunguzia. Nikamwambia atuwekee mpaka mwisho wa mwezi, maana mwezi ujao kijana anaanza kwenda Kisauni peke yake.